Vinyago, nganya na mikokoteni: Jinsi sanaa inavyomuunganisha mtu na mnyama mitaani Eastlands

Na MWANDISHI WETU

MTU anayeabiri matatu katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Buruburu hukutana na wanyama wengi kabla ya kufika nyumbani. Gari lenyewe huenda limechorwa simba anayenguruma au tai aliyekunjua mabawa. Nauli anayomkabidhi utingo huwa na sarafu zenye sura za ndovu na kifaru. Barabara anayopitia inaitwa Jogoo. Na akishuka karibu na soko la Gikomba, atawakuta mafundi wakichonga twiga kutoka kwa gogo ambalo jana lilikuwa mti.

Hata hivyo, si ajabu kumpata mtu aliyezaliwa na kukulia katika mitaa hii ambaye hajawahi kumwona simba kwa macho yake, ingawa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1946 na yenye ukubwa wa kilomita mraba 117, iko upande wa pili wa jiji hilo hilo. Wanyama anaoishi nao ni wengine: mbuzi, kuku, paka, punda wa mkokoteni na korongo wa jalalani.

Hapo ndipo lilipo jambo la kutafakari. Sanaa ya Eastlands imejaa wanyama wa mbali na huwasahau wa karibu. Makala haya yanaeleza jinsi sanaa na ubunifu wa mitaa hii unavyoujenga uhusiano wa binadamu na mnyama, ulikotoka, na gharama yake kwa pande zote mbili.

Chimbuko la vinyago

Uchongaji wa vinyago vya wanyama unaojulikana leo kote nchini si wa kale sana. Jamii ya Wakamba ilikuwa na mafundi hodari tangu jadi, lakini walichokitengeneza kilikuwa cha matumizi ya nyumbani: vigoda vya miguu mitatu, miiko, vibuyu vyenye nakshi na bakora za wazee. Ndovu wa mbao wa kuwekwa mezani hakuwa na kazi katika boma la mfugaji na mkulima.

Mabadiliko yalianza na Vita vya Kwanza vya Dunia. Masimulizi ya uchongaji wa Wakamba humtaja Mutisya Munge wa Wamunyu, katika eneo la Machakos, ambaye alikwenda Tanganyika wakati wa vita hivyo na kujifunza kwa wachongaji wa huko. Aliporejea nyumbani aliendeleza ujuzi huo na kuwarithisha jamaa na majirani. Wamunyu ikawa kitovu cha kazi hiyo, nao walowezi na wageni wakawa wanunuzi.

Kutoka Wamunyu, mafundi walifuata soko mijini. Waliokwenda pwani walianzisha ushirika mkubwa Changamwe, Mombasa. Waliokuja Nairobi walijikusanya upande wa Pumwani, jirani na Gikomba, nao pia wakaunda ushirika. Uteuzi wa mahali hapo haukuwa wa kubahatisha. Pumwani, mtaa uliopangwa na wakoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika, ulikuwa miongoni mwa sehemu chache za jiji ambako Mwafrika angeweza kuishi na kufanya biashara bila kufukuzwa kila siku. Isitoshe, ulikuwa karibu na maduka ya katikati ya jiji yaliyowauzia watalii.

Hivyo basi, kinyago cha ndovu kilichoko katika sebule za Ulaya na Marekani huenda hakikutoka mbugani. Huenda kilizaliwa katika kibanda cha mabati cha Eastlands, mikononi mwa mtu aliyemjua ndovu kwa kukumbuka umbo lake na kulirudia mara elfu moja.

Jinsi ndovu anavyotoka kwenye gogo

Kazi huanza kwa msumeno. Gogo hukatwa vipande kulingana na ukubwa wa mnyama anayekusudiwa. Fundi huchukua tezo, kifaa chenye ubapa uliopinda na mpini mfupi, na kuanza kupunguza mbao mpaka umbo litokeze. Hapigi mstari wala kuchora kwanza. Jicho na mkono ndivyo vipimo vyake. Baada ya tezo hufuata patasi kwa sehemu nyembamba kama masikio na macho, kisha tupa, na mwishowe msasa.

Mara nyingi kazi hugawanywa. Fundi mmoja huchonga ndovu pekee, mwingine twiga, mwingine kiboko. Kusugua kwa msasa na kupaka nta au rangi huachiwa wengine, wakiwemo wanawake na vijana wanaoanza kazi. Mgawanyo huu huharakisha uzalishaji, lakini pia ndio unaofanya vinyago vingi vifanane.

Umbo la kinyago lina sababu zake. Mbao ina nguvu kufuata nyuzi zake na ni dhaifu ikikatizwa. Kwa hiyo shingo na miguu ya twiga huchongwa kufuata urefu wa gogo, la sivyo itavunjika safarini. Masikio ya ndovu hulazwa karibu na mwili kwa sababu hiyo hiyo. Pembe zake huchongwa kando kwa mbao nyeupe au mfupa, kisha hupachikwa. Aidha, kinyago kinapaswa kuingia katika sanduku la msafiri. Ndiyo maana faru wa mbao hutoshea kiganjani ilhali yule wa nyikani ana uzito wa zaidi ya tani moja.

Je, kazi hiyo ni sanaa au ni bidhaa tu? Wahakiki wamebishana kuhusu suala hili kwa miaka mingi. Wengine huvidharau vinyago vya watalii kwa kuwa vinarudiwarudiwa. Lakini mtu akimtazama fundi akiyafuata mapindo ya gogo ili shingo ya pundamilia ielekee kule ambako mbao yenyewe inapindia, hawezi kusema kwamba hapo hapana ubunifu.

Kinyago kimoja, mti mmoja, bundi mmoja

Uchongaji huu una upande ambao mnunuzi haoni. Miti iliyopendwa na wachongaji tangu mwanzo ni mpingo, muhugu na mzeituni wa mwituni. Yote ni migumu, hung'aa ikisuguliwa na haishambuliwi kwa urahisi na wadudu. Yote pia hukua polepole. Mpingo huhitaji miaka 70 au zaidi kabla ya kutoa mbao nzuri, nao moyo wake mweusi ni sehemu ndogo tu ya shina.

Muhugu ndio wenye kisa cha kusikitisha zaidi. Mti huu humea katika misitu ya pwani kama Arabuko-Sokoke, katika Kaunti ya Kilifi, na hata katika misitu ya Nairobi kama Karura. Arabuko-Sokoke, wenye takriban kilomita mraba 420, ni makao ya viumbe wasiopatikana kwingi duniani. Miongoni mwao ni bundi mdogo wa Sokoke, ambaye hutegemea mashimo ya miti mikubwa kama muhugu, na sengi mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu anayetafuta chakula katika majani makavu sakafuni mwa msitu.

Tazama mkanganyiko uliopo. Mtalii hununua ndovu wa muhugu kwa kuwa anawapenda wanyama wa Afrika. Fundi humchonga ili apate chakula na karo ya watoto. Lakini gogo lile likitoka katika msitu wa asili, kinyago cha mnyama mmoja huwa kimegharimu nyumba ya mnyama mwingine ambaye hakuna anayemchonga. Hakuna aliyekusudia ubaya, na bado hasara ikatokea.

Tangu miaka ya 1990, watafiti wa miti na mashirika ya uhifadhi, likiwemo lile la WWF, waliwahimiza wachongaji wahamie miti inayokua haraka na inayopandwa na wakulima: mjakaranda, mwarobaini, mwembe na mgrevilea. Mjakaranda wenyewe ni mgeni kutoka Amerika Kusini ulioletwa kupamba barabara, na maua yake ya zambarau yanajulikana na kila mkazi wa Nairobi.

Mabadiliko hayo hayakuwa mepesi. Wachongaji walizoea kuchonga mbao mbichi kwa kuwa ni laini. Muhugu na mpingo huvumilia jambo hilo. Mjakaranda ukichongwa mbichi hupasuka unapokauka, na wadudu huutoboa. Lazima kwanza ukaushwe taratibu kivulini au katika tanuri, jambo linalohitaji muda, nafasi na mtaji. Fundi anayekula leo kwa alichouza jana hawezi kuliacha gogo likae miezi mitatu. Kwa hiyo suala la bundi wa Sokoke linarejea katika mfuko wa mchongaji wa Gikomba. Asiyempa fundi uwezo wa kungoja hawezi kumlaumu kwa kuharakisha.

Mpakaji rangi naye ana siri yake. Wanunuzi wengi hutaka kinyago cheusi wakidhani cheusi ni mpingo. Mbao nyeupe hupakwa rangi nyeusi ya viatu na kusuguliwa hadi ing'ae. Mnunuzi mwangalifu hukitazama kinyago chini ya miguu, ambako rangi haikufika vizuri, au kukipima kwa uzito, maana mpingo halisi ni mzito kiasi cha kuzama majini.

Pembe, mfupa na ngozi

Kuna wakati sanaa ilimtumia mnyama mwenyewe moja kwa moja. Maduka ya Nairobi yaliuza bangili za pembe za ndovu, ngozi za pundamilia na hata miguu ya ndovu iliyogeuzwa viti. Biashara hiyo ilifikia kikomo serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977 na uuzaji wa nyara za wanyamapori mwaka uliofuata. Mnamo 1989 Rais Daniel arap Moi aliteketeza tani 12 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Nairobi mbele ya macho ya ulimwengu. Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta alirudia tendo hilo kwa shehena kubwa zaidi, ya takriban tani 105.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 iliongeza makali ya adhabu kwa anayepatikana na nyara. Kwa msanii maana yake ni wazi: malighafi ya mnyamapori haiguswi.

Lakini jiji linalokula nyama nyingi halikosi mifupa. Mafundi wa Nairobi, hasa wa Kibera, waligeukia mifupa na pembe za ng'ombe. Huchemshwa ili mafuta yatoke, hukatwa kwa msumeno, husuguliwa na kutiwa rangi, hadi kitu kilichokuwa kitupwe kinakuwa kipuli, kifungo au kijiko. Mbali na kuokoa ndovu, kazi hii hupunguza taka.

Upande wa Eastlands mkondo huo huanzia machinjioni. Kiamaiko, karibu na Huruma, ni soko na machinjio mashuhuri ya mbuzi, ambako malori hushusha mifugo kutoka kaunti za kaskazini mwa nchi. Shauri Moyo kuna soko la Burma linalojulikana kwa nyama. Ngozi nazo huingia katika biashara ndefu ya viwanda na mafundi, na bidhaa za mwisho hupatikana Kariokor, soko lililopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Humo, ndala za ngozi zilizopambwa kwa shanga hushonwa juu ya soli za mipira ya magari makuukuu.

Ng'ombe na mbuzi hao hawaonekani katika mapambo ya ndala hizo. Wako chini ya unyayo, wamevaliwa. Mfugaji wa Marsabit au Isiolo alimjua mbuzi wake kwa rangi na kwa tabia. Anayevaa ndala hamjui. Katika safari hiyo kutoka malishoni hadi Kariokor, uhusiano wa mtu na mnyama hugeuka kutoka ujuani hadi umiliki wa kitu.

Simba wa Barabara ya Jogoo

Iwapo vinyago vinachongwa kwa ajili ya wageni, michoro ya matatu ni ya wenyeji. Vijana wa Eastlands huyaita magari yaliyopambwa sana nganya. Nganya si gari tu bali ni jina, muziki, taa na picha. Miongoni mwa picha za wanamuziki, wanasoka na viongozi, wanyama wana nafasi yao: simba, chui, tai, mbwa mwitu, nyoka na papa.

Mchoraji huanza kwa kusugua bodi na kupaka rangi ya msingi. Kisha huchora umbo na kulijaza kwa bomba la kupulizia rangi, akianza na rangi nyepesi na kumalizia na nzito. Manyoya ya simba huhitaji mkono mwepesi sana, kwani kila unywele ni mpulizo mmoja. Vielelezo vyake vingi hutoka katika picha za filamu na intaneti, ndiyo sababu katika mitaa ya Nairobi utamwona mbwa mwitu wa nchi za theluji ambaye hajawahi kukanyaga ardhi ya Kenya.

Mnyama wa matatu ana ujumbe tofauti na wa kinyago. Kinyago hutulia, kinauzwa kama kumbukumbu ya nyika tulivu. Simba wa matatu amefungua kinywa. Yeye ni ushindani wa barabarani, ni kasi, ni ubabe wa dereva anayetaka abiria wamchague yeye badala ya mwenzake. Mnyama hapa ni kioo cha maisha ya mtaa: asiyenguruma hasikiki.

Sanaa hii imepitia misukosuko. Kanuni zilizoletwa na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliyalazimu matatu kuwa na mstari wa manjano, vidhibiti mwendo na mikanda ya usalama. Michoro mingi ilifutwa. Abiria wengi walizifurahia kanuni hizo kwa kuwa ziliokoa maisha, lakini wachoraji walipoteza riziki. Mwaka wa 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliwatetea vijana wachoraji na kusema michoro irejeshwe. Simba wakarudi barabarani.

Nembo, sarafu na jina la barabara

Serikali nayo ni mnunuzi mkubwa wa wanyama wa sanaa. Nembo ya taifa ina simba wawili walioshika mikuki na ngao, na katikati ya ngao yumo jogoo aliyeshika shoka. Jogoo huyo pia alikuwa ishara ya chama cha Kanu kilichoongoza nchi tangu uhuru wa 1963 hadi 2002. Barabara kuu ya Eastlands, iliyoitwa Doonholm enzi za ukoloni, ilipewa jina la Jogoo. Hivyo ndege wa nyumbani, anayewika kila alfajiri katika vyumba vya Kaloleni na Makongeni, alipanda cheo akawa ishara ya mwamko wa taifa.

Katiba ya 2010 ilileta mabadiliko mengine. Kifungu cha 231 kinakataza picha ya mtu binafsi katika pesa za Kenya. Benki Kuu ilipozindua sarafu mpya Desemba 2018, nyuso za marais ziliondolewa na mahali pake pakawekwa wanyama: twiga katika shilingi moja, faru katika shilingi tano, simba katika shilingi kumi na ndovu katika shilingi 20. Kwa mtoto wa Kayole ambaye hajafika mbugani, simba wa kwanza kumshika ni yule wa shilingi kumi.

Michezo haikuachwa nyuma. AFC Leopards imebeba chui kwa miongo mingi, na mashabiki wake huiita Ingwe. Nayo timu ya Kariobangi Sharks, iliyozaliwa katika mtaa ulio kilomita mia kadhaa kutoka baharini, ilijichagulia papa. Mnyama wa nembo hahitaji kuwa jirani. Anahitaji kuwa na sifa ambayo watu wangependa kuwa nayo.

Punda na ubunifu wa mkokoteni

Ubunifu si wa kutazamwa tu. Upo pia ule unaogusa mwili wa mnyama kila siku, nao ndio wenye uzito zaidi kwake. Katika viunga vya Eastlands kama Njiru na Ruai, punda bado huvuta mikokoteni ya maji, mchanga na bidhaa. Hakuna anayemchora kwenye matatu. Methali yetu yasema punda afe mzigo ufike, na nyingine kwamba shukrani ya punda ni mateke. Lugha yenyewe imemhukumu.

Lakini mateso mengi ya punda hutokana na ubunifu mbaya kuliko ukatili wa makusudi. Ng'ombe wa kwetu ana nundu, na nira hutulia mbele ya nundu hiyo. Punda hana nundu. Nguvu zake za kuvuta ziko kifuani na mabegani. Akifungwa nira ya ng'ombe, mti humkwaruza shingo hadi akapata vidonda. Kinachomfaa ni mkanda mpana kifuani, au kola iliyojazwa kitu laini, inayosambaza uzito bila kumkaba koo.

Vivyo hivyo mkokoteni wa magurudumu mawili. Mzigo ukiwekwa mbele sana, uzito wote huangukia mgongo wa mnyama. Ukiwekwa nyuma sana, mti wa kuvutia huinuka na kumnyanyua kwa tumbo. Ukiwekwa juu ya ekseli, punda huvuta tu, habebi. Kamba za nailoni hukata ngozi, ilhali ukanda wa pamba au gunia lililokunjwa humpa nafuu. Haya ni mambo ambayo fundi wa vyuma wa Kamukunji anaweza kuyarekebisha kwa gharama ndogo, naye mwenye punda akanufaika, kwa kuwa mnyama asiye na kidonda hufanya kazi siku nyingi zaidi.

Thamani ya punda imekuwa gumzo la kitaifa pia. Baada ya vichinjio vya punda kuruhusiwa, ngozi zake zikiuzwa China kutengenezea dawa ya asili, wizi wa punda ulienea. Februari 2020 Waziri wa Kilimo Peter Munya alitangaza kupiga marufuku uchinjaji huo, lakini Mei 2021 Mahakama Kuu ikaibatilisha marufuku hiyo. Kwa mchuuzi wa maji, punda si malighafi ya dawa. Ni mwenza wa kazi ambaye akiibwa usiku, asubuhi watoto hawana chakula.

Korongo wa Dandora

Mnyama mwingine asiyechorwa ni korongo mkubwa mwenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni. Wengi wao hushinda katika jalala la Dandora, lililoanza kutumika katikati ya miaka ya 1970, wakigombea mabaki pamoja na mbwa, nguruwe na watu wanaookota chuma na plastiki. Wengine hujenga viota juu ya miti kandokando ya barabara kuu karibu na Uwanja wa Nyayo.

Ndege huyu huitwa mbaya. Lakini upara wake una sababu: anapoingiza kichwa katika mzoga, manyoya yangeshika uchafu na maradhi. Yeye ni msafishaji asiyelipwa. Iwapo msanii wa mtaa angetafuta kiumbe anayefanana na maisha ya watu wa Dandora, anayeishi kwa kile ambacho jiji limekitupa na bado akapaa, hangemkosa korongo.

Wasanii wa mitaa hii hawakosi uwezo wa kusimulia ya kwao. Kikundi cha Wajukuu kutoka Mukuru, Lunga Lunga, kilialikwa katika maonyesho ya Documenta ya 15 mjini Kassel, Ujerumani, mwaka wa 2022. Huko walijenga lango la mabati makuukuu kwa umbo lililochota katika nyumba ya Kimaasai, makao ya jamii ambayo maisha yake yote yamefungamana na ng'ombe. Kikundi hicho kilitunukiwa Tuzo ya Arnold Bode mwaka huo huo. Ushindi huo ulithibitisha kwamba mabati ya mtaani yanaweza kuzungumza na ulimwengu bila kuvaa sura ya mbugani.

Mnyama anapokuwa mtu

Kuna njia nyingine ya kumchora mnyama, nayo ni kongwe kuliko kinyago cha mtalii. Katika ngano zetu, sungura ni mwerevu, fisi ni mlafi na kobe ni mvumilivu. Mnyama husema yale ambayo binadamu anaogopa kuyasema.

Mchoraji Jak Katarikawe, mzaliwa wa Kigezi nchini Uganda aliyeishi Nairobi kwa miongo kadhaa hadi alipofariki mwaka wa 2018, aliichukua njia hiyo. Hakupata elimu ya shule. Alikuwa dereva kabla ya kipaji chake kutambuliwa na watu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Katika picha zake, ng'ombe hupendana, huoneana wivu, huota ndoto na kuhuzunika. Anayezitazama haoni mifugo. Humwona jirani yake, au kujiona yeye mwenyewe.

Hilo ndilo funzo lake kubwa. Ndovu wa kinyago humwambia mnunuzi: nilikuwa Afrika. Simba wa matatu humwambia abiria: niogope. Ng'ombe wa Katarikawe humwambia mtazamaji: mimi na wewe tunahisi. Ni usemi huu wa tatu ambao humfanya mtu amwonee mnyama huruma.

Nini kifanywe?

Biashara ya vinyago inategemea wageni, na wageni hukimbia upesi. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliwafukuza. Machi 2020 safari za ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, na ndovu wa mbao wakabaki rafuni. Fundi anayemtegemea mnunuzi mmoja wa ng'ambo hujengea mchangani. Mkenya mwenyewe hana budi kuwa mteja, lakini Mkenya atanunua nini? Hana haja ya kumbukumbu ya nchi anayoishi. Huenda akanunua kigoda, mwiko, kitanda cha mtoto chenye nakshi ya sungura, au mwanasesere wa mbuzi. Kwa kuvirudia vitu vya matumizi, mchongaji atakuwa amerejea kule ambako mababu wa Wamunyu walianzia.

Mnunuzi naye ana wajibu. Aulize kinyago ni cha mti gani. Akichague cha mwarobaini, mwembe au mjakaranda uliokaushwa vyema, na awe tayari kuongeza shilingi chache kwa fundi aliyengoja. Ushirika wa mafundi ukipata tanuri la pamoja la kukaushia mbao, tatizo la mipasuko litapungua bila kumlazimisha maskini kuchagua kati ya msitu na mlo.

Shule pia zina nafasi. Mtaala wa Umilisi umelipa somo la sanaa nafasi tangu madarasa ya chini. Mwalimu wa Umoja au Mathare hahitaji basi la kwenda mbugani ili wanafunzi wachore mnyama. Kuku yuko uani, paka yuko dirishani, korongo yuko juu ya mti. Mtoto anayeketi nusu saa akimtazama punda ili amchore ataona pia kidonda kilicho chini ya kamba. Na akikiona, hatakisahau.

Katika uwanja wa Makavazi ya Taifa jijini Nairobi kuna sanamu ya ndovu Ahmed wa Marsabit, aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta hadi alipokufa mwaka wa 1974. Sanamu ile iliwezekana kwa sababu watu walimjua mnyama mmoja kwa jina lake na kumjali. Eastlands haina ndovu. Ina mbuzi, punda na korongo wasio na majina. Wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Kazi ya msanii ni kumfanya mpita njia atazame mara ya pili, na pengine kwa kutazama huko, ajue maana.